Kitambaa Chekundu Mlangoni kwa Shangazi

Kila alipotoka shule, kabla hata hajavua viatu, Simu alikuwa na kazi ya kubeba maneno. Alikuwa akisimama mlangoni mwa chumba cha mbele, mkoba bado uko mgongoni, na mama yake, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, alikuwa akimwambia, "Umerudi? Haya, nenda kamwambie shangazi yako..." Yaliyofuata hapo yalitegemea siku ilivyoamka.

Simu halikuwa jina lake. Hakuna mzazi atakayemwita binti yake Simu. Alibandikwa jina hilo na fundi baiskeli wa nyumba ya juu, mtu wa mizaha, aliyekuwa akimwona kila jioni akishuka na kupanda, akishuka na kupanda, midomo ikichezacheza kama anayekariri shairi. "Simu, leo una chaji?" alimtania. "Simu, mbona jana ulikuwa hupatikani?" Wenzake wa darasa la sita wakalidaka jina hilo, na likamganda.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Shangazi yake, dada wa baba, alikuwa msusi. Nyumba zao ziligusana migongo, ukuta ukiwa mmoja. Ukiwa kwa mama unaisikia redio ya shangazi, na ukiwa kwa shangazi unaisikia cherehani ya mama. Pamoja na ukaribu wote huo, mawifi hao wawili walikuwa hawajasemezana tangu msimu wa mvua uliopita. Kisa chenyewe kilikuwa maji. Shangazi alimwaga maji ya kuoshea nywele, yaliyochanganyika na dawa nyeusi, nayo yakatiririka hadi kwenye mashati meupe ya wanafunzi ambayo mama alikuwa ameyaanika juu ya mkeka upande wa chini wa nyumba. Mmoja akauliza, "Nani anaanika nguo kwenye njia ya maji?" Mwingine akauliza, "Nani anamwaga maji kwenye njia ya watu?" Hakuna aliyejibu swali la mwenzake, na mazungumzo yakakoma hapo. Baba, ambaye ni dereva wa lori, alijaribu kuwapatanisha mara moja, akaona maji yamezidi unga, akapanda lori lake.

Ndipo Simu akapata kazi. Nayo kazi hiyo aliifanya kwa ujanja wake mwenyewe. Mama akisema, "Mwambie asogeze hilo karai lake, linaota kutu ukutani kwangu kama roho yake," Simu alifika kwa shangazi na kusema, "Shikamoo shangazi. Mama anaomba usogeze karai kidogo." Shangazi akijibu, "Mwambie ukuta huu aliujenga marehemu baba yangu, na karai litakaa hapo mpaka liote mizizi," Simu alirudi kwa mama na kusema, "Amesema sawa."

Kesho yake karai lilikuwa palepale. "Umeona?" mama alifoka. "Anasema sawa, halafu hasogezi! Huyu ananifanya mimi mjinga." Kwa hiyo hasira ikaongezeka, na neno lililofuata likawa kali zaidi, na Simu akalilainisha zaidi. Alidhani anazima moto, kumbe alikuwa anaufunika kwa majivu tu. Mtu mzima yeyote angeweza kumwambia hivyo, lakini watu wazima waliokuwa karibu ndio hao waliokuwa wanamtuma.

Mara moja tu alifikisha neno bila kulitia sukari. Ilikuwa juma hilohilo ninalotaka kulisimulia. Shangazi alikuwa amemsuka nywele akazivuta mpaka machozi yakamtoka, na kichwa kilikuwa bado kinamuuma pale mama aliposema, "Mwambie ipo siku wateja wake watatoka humo ndani mbio, na hatajua kilichowakimbiza." Simu alilipeleka hivyohivyo, neno kwa neno. Shangazi aliacha kusuka, akatazama ukuta kwa muda. "Anataka kunifukuzia wateja," alisema taratibu. "Haya. Nimesikia."

Sasa ni lazima niwaeleze kuhusu kitambaa, maana bila kitambaa hamtaelewa kilichotokea.

Mtaa wao ulishuka kutoka barabarani hadi ukingoni mwa mto. Zamani, Simu akiwa hajaanza shule, mto ulifurika mchana kweupe, jua linawaka. Ulibomoa nyumba za ukingoni na kumchukua mtoto wa muuza mkaa. Mtaani hapakuwa pamenyesha hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali kabisa, na watu walikuwa wameanika nguo zao wakipiga soga. Maji hayahitaji mawingu ya kwenu ili yafike kwenu, na watu wa mtaa ule walilijua hilo kwa msiba.

Baada ya msiba huo, idara ya maji ilisimika nguzo kwenye daraja la juu, mwendo mrefu kutoka mtaani. Nguzo hiyo ilipakwa rangi ya kijani chini, njano katikati na nyekundu juu. Mtu wa idara hiyo, ambaye watoto walimwita Bwana Mto, alikuwa akiitazama asubuhi na jioni, na wakati wa mvua za milimani hakubanduka pale. Maji yakigusa nyekundu, alimpigia fundi baiskeli na wenzake wa nyumba za juu. Kutoka hapo, watu wa bondeni walikuwa na muda wa kutosha kupanda hadi shuleni mlimani, mradi mtu asiupoteze kwa kutafuta viatu.

Mwanzoni walijaribu kupigiana simu nyumba zote. Ikawa balaa. Huyu hana chaji, yule amezima, mwingine amesikia nusu akadhani ni habari za harusi. Ndipo kamati ya mtaa ikaamua kwamba kila mstari wa nyumba uwe na kitambaa chake chekundu, kipite mkono kwa mkono kutoka nyumba ya juu hadi ya chini. Anayekabidhi atasema, "Maji yanakuja, panda shuleni." Anayepokea atajibu, "Nimesikia, napeleka." Mkabidhi haondoki mpaka amelisikia jibu hilo. Nyumba ya mwisho ikishapokea, inapanda na kitambaa hadi shuleni, na kikionekana huko kila mtu anajua kwamba hakuna aliyeachwa chini.

Katika mstari wa Simu, wa kwanza alikuwa fundi baiskeli. Wa pili alikuwa mama, wa tatu shangazi. Wa mwisho alikuwa bibi, mama mzazi wa baba na shangazi, aliyekaa peke yake karibu na maji kwa sababu alikataa katakata kuiacha nyumba ya mumewe. Nyonga zake zilikuwa zimechoka, na kila mchana alifunga mlango na dirisha kwa ajili ya nzi, akalala. Ilipangwa kwamba shangazi, akishapokea kitambaa, ashuke kumchukua mama yake.

"Mtu mzima kwa mtu mzima," Bwana Mto aliwaambia siku ya mazoezi. "Msitume watoto. Mtoto anaweza kuaminiwa au asiaminiwe, na hatuna muda wa kubishana." Lakini siku hiyohiyo mama alimpa Simu kitambaa akipeleke kwa shangazi. Bwana Mto aliona, akakunja uso.

"Mama, nimesema mtu mzima."

"Si kimefika?" mama alicheka.

"Leo kimefika," alijibu Bwana Mto, bila kucheka.

Siku yenyewe ilikuja na jua kali. Simu alikuwa ametoka shule, akila chakula chake sakafuni kando ya mdogo wake wa miaka mitano, aliyeitwa Kwanini kwa sababu ambayo ungeijua ukikaa naye kidogo tu. Mama alikuwa anamalizia magauni ya wasimamizi wa harusi, pini zimejaa midomoni. Fundi baiskeli aliingia bila kubisha. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, na siku hiyo alikuwa anahema.

"Maji yanakuja, panda shuleni," alisema, akanyoosha kitambaa. Hakutia mzaha wowote.

Mama alizitema pini mkononi. "Nimesikia, napeleka."

Fundi akageuka na kuanza kupanda, maana alipaswa kuwapokea watu shuleni. Mama alisimama katikati ya chumba na kitambaa mkononi. Alitazama ukuta. Alitazama cherehani, magauni, mtoto. Kisha akafanya kile alichokuwa amekifanya kila siku kwa mwaka mzima.

"Kimbia, mpelekee shangazi yako. Mwambie nimesema mimi. Haraka! Mimi nafunga vitu."

Simu alikimbia. Ilibidi azunguke nyumba, kwa sababu mlango wa shangazi ulitazama mtoni. Ndani redio ilikuwa juu na mashine ya kukaushia nywele inavuma. Mteja mmoja alikuwa amesukwa nusu kichwa, mwingine alikuwa anasubiri zamu yake.

"Shikamoo shangazi. Maji yanakuja, panda shuleni. Mama amesema."

Shangazi alimtazama, akakitazama kitambaa, halafu akatazama nje ambako jua lilikuwa linachoma mawe. "Nani amesema?"

"Mama."

"Ahaa!" Shangazi aligeukia wateja wake. "Mnaona? Juzi ameniletea salamu kwamba wateja wangu watatoka humu mbio. Leo ananiletea kitambaa." Wateja walicheka. "Kama ni onyo la kweli, kwa nini hakuja mwenyewe? Kanuni si inasema mtu mzima? Rudi kamwambie mimi si mtoto wa kuchezewa. Akitaka kunifukuza, aje anifukuze kwa miguu yake."

"Lakini shangazi, fundi baiskeli amekuja—"

"Nenda, mama. Unanizibia mwanga."

Hakunyoosha mkono kukipokea. Simu alisimama pale akiwa amekishika kwa mikono miwili, masikio yakimwaka kwa kile kicheko. Alitaka kusema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Alitaka kulia. Mwishowe alikitundika kitambaa kwenye msumari wa mlangoni, mahali ambapo mtu hawezi kukikosa, akajiambia kwamba shangazi atakiona, atafikiri, atatoka. Kisha akakimbia kurudi.

Mama alikuwa mlangoni, kichwa cha cherehani kwapani, Kwanini mgongoni. "Amepokea?"

Hapo palikuwa na neno la kweli, fupi tu: hapana. Lakini ulimi una mazoea yake, na ulimi wa Simu ulikuwa umezoea njia moja.

"Amesema sawa."

"Amesema 'nimesikia, napeleka'?"

"Ndiyo."

"Basi twende."

Wakapanda. Watu wa mistari mingine nao walikuwa wanapanda, wengine na magodoro, wengine na kuku, mwanamke mmoja na sufuria ambayo bado inafuka moshi. Kila walipopinda kona Simu aligeuka kutazama nyuma. Hakumwona shangazi. Alijiambia kwamba amechelewa kidogo kwa sababu ya bibi.

Shuleni, fundi baiskeli alikuwa getini akipokea vitambaa. Mstari wa muuza mkaa ulikuwa umefika, kitambaa kiko begani mwake. Wa seremala ulikuwa umefika. Mama aliketi kwenye ngazi ya darasa, akamteremsha Kwanini, akajifuta jasho.

"Kwa nini bibi hajaja?" Kwanini aliuliza.

"Anakuja. Shangazi yako amemfuata."

"Kwa nini hawaonekani?"

Mama alisimama, akaenda kwenye uzio. Kutoka pale, kwa kuwa kilima kilijikunja hadi upande wa mto, mtaa wao ulionekana wote, paa hadi paa, mpaka nyumba ya bibi iliyofungwa mlango na dirisha. Njia ilikuwa tupu. Na mlangoni kwa shangazi, hata kwa umbali ule, kulionekana kitu kidogo chekundu.

"Kwa nini kitambaa kiko pale?" Kwanini aliuliza.

Simu aligeuka kumtazama mama. Angeweza bado kunyamaza. Wangekisia wenyewe, wangelaumiana wenyewe, kama walivyofanya siku zote. Lakini kule chini bibi alikuwa amelala.

"Mama," alisema. "Shangazi hakupokea."

"Unasemaje?"

"Hakupokea. Alisema unamchezea. Alisema ungekuwa mkweli ungekwenda mwenyewe. Mimi... mimi nilikitundika nikaondoka. Nilikudanganya."

Mama hakumpiga, wala hakupiga kelele. Alimtazama mwanawe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, kisha akavua viatu, akamwambia fundi baiskeli, "Nishikie watoto," na kuanza kukimbia kuteremka. Fundi alikuwa ameshatoa simu yake anampigia msusi. Iliita na kuita. Nani angeisikia, kwa redio ile? Akawaita vijana wawili wa mstari wa seremala, nao wakamfuata mama.

Simu alishika waya za uzio. Alimwona mama akipita njia ya mawe, gauni ameliinua hadi magotini. Akamwona akizunguka nyumba, akasimama mbele ya mlango ambao hakuwa ameukanyaga mwaka mzima. Shangazi alitokea mlangoni. Wakasimama uso kwa uso.

Walisemezana. Simu hakusikia hata neno moja. Tangu ugomvi uanze, hakuna kilichosemwa kati ya wawili wale ambacho hakikupitia mdomoni mwake, na sasa walikuwa wanazungumza wenyewe, mbali, naye hakuweza kuongeza wala kupunguza. Mama alinyoosha mkono kuelekea milimani. Kisha alifanya jambo ambalo Simu hakulitegemea. Alimshika wifi yake mabega yote mawili na kumtikisa. Dakika ileile wateja wakatoka mbio, mmoja nywele nusu zimesimama, na mama na shangazi wakateremka pamoja kuelekea nyumba ya bibi.

"Kwa nini unalia?" Kwanini aliuliza.

Mlango wa bibi ulikuwa umekomewa kwa ndani. Waliugonga, wakaupiga mateke. Shangazi alizunguka dirishani. Na hapo ndipo watu wote waliokuwa uzioni waliposikia mngurumo kutoka upande wa juu wa mto, mngurumo wa mawe yanayosagana. "Mungu wangu," alisema muuza mkaa, akageuza uso, kwa sababu yeye sauti ile aliijua.

Maji yalikuja ya kahawia, mazito, yamebeba magogo na mlango wa nyumba ya mtu fulani. Jua lilikuwa linawaka juu yake kama siku nyingine yoyote. Yalipanda ukingo, yakaingia uani kwa bibi wakati uleule vijana wawili walipofika na kuuvunja mlango kwa mabega. Wakapotea ndani. Simu alifumba macho. Alipofumbua, aliwaona wakitoka, vijana wamembeba bibi mzobemzobe, mama na shangazi nyuma wakisukuma, maji yakiwa kiunoni. Shangazi alianguka. Mama alimshika kwa nguo, akamvuta, wakaanguka wote, wakainuka wote. Nyuma yao nyumba ya marehemu babu iliinama polepole upande mmoja, na haikuinuka tena.

Jioni ile darasa la tatu liligeuka chumba cha wagonjwa. Bibi alilazwa juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, amefunikwa koti la fundi baiskeli, akikohoa maji machafu. Muuguzi wa zahanati alimfunga mguu uliochanika na kusema ni lazima apelekwe hospitali gari likipatikana. Saluni ya shangazi ilikuwa imekwenda na vioo vyake, mashine zake, na viti alivyovinunua kimoja kimoja. Nyumba ya mama ilikuwa imesimama, lakini matope yalikuwa yamejaa hadi juu ya meza.

Mawifi walikaa sakafuni, wamelowa, mabega yamegusana. Kisha shangazi akasema kwa uchovu, "Wifi, na wewe. Karai hilo umeniagizia lisogezwe mwaka mzima, ningelisogeza ungekuja kuniambia mwenyewe."

"Si nilikuambia? Ukasema sawa, halafu hukusogeza."

"Mimi? Sijawahi kusema sawa. Nilisema litakaa mpaka liote mizizi."

"Uliniambia sawa!"

"Nilimwambia nani?"

Wakageuka wote wawili kwa pamoja, wakamtazama Simu.

Ilimbidi aseme yote. Alianza na karai, akaja kwenye mashati, akaja kwenye salamu za sikukuu alizozitunga mwenyewe, na kila alichokisema kilimfanya mmoja wao ainamishe kichwa. Maana maneno ya kweli yalipotoka sasa, hadharani, mbele ya muuguzi na watoto wa watu, yalikuwa maneno ya aibu, na walioyasema hawakuweza kuyakana.

Bwana Mto aliingia wakati huo, buti zimejaa tope. Alikuwa amehesabu vitambaa getini. "Vimefika vyote isipokuwa kimoja," alisema. "Mstari huu ulikatikia wapi?"

Simu alifungua mdomo, lakini mama alimtangulia. "Kwangu," alisema. "Mtoto amenidanganya, ndiyo, na kosa lake amelisema mwenyewe. Lakini mimi ndiye niliyempa mzigo wa mtu mzima kwa sababu sikutaka kuiona sura ya wifi yangu."

"Na mimi onyo nililiona kwa macho," shangazi alisema, "nikamtazama aliyelituma badala ya kutazama mto."

Bwana Mto alivua kofia. Hakuwagombeza. "Nguzo yangu ilifanya kazi," alisema. "Simu niliyopiga ilifanya kazi. Fundi, pamoja na mguu wake, alifanya kazi. Tunaweza kuweka nguzo mia moja kwenye mto huo, lakini onyo likifika kwa watu wasiosemezana, linaishia hapo. Kesho, kabla hatujasafisha matope, mistari yote itakutana. Nyumba zenye ugomvi ziseme mapema. Mnaweza kuendelea kuchukiana mkitaka, lakini lazima msemezane." Kisha akamgeukia Simu. "Na wewe, binti. Siku nyingine mtu akikataa onyo, rudi ukaseme amekataa. Mama yako angekasirika. Angekasirika kisha angefanya jambo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Haya. Sasa nenda kwa bibi yako. Yeye hajaambiwa."

Simu alipiga magoti kando ya madawati. Bibi alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.

"Bibi, ni mimi."

"Naona."

"Kitambaa kilikuja mapema. Shangazi alikikataa. Mimi nikamwambia mama kwamba amesema sawa. Nilijua umelala, bibi. Nikapanda huku."

Bibi alikohoa kwa muda mrefu. Alipotulia alifumbua macho, na hayakuwa macho ya kubembeleza.

"Kwa nini ulisema sawa?"

"Sikutaka wagombane."

"Wagombane!" Bibi alitikisa kichwa taratibu. "Mjukuu wangu, ungeniletea mimi matusi ya wote wawili, nikayasikia, ningeamka. Ningetoka nje na fimbo yangu nikagombane nao, na maji yangenikuta njiani napanda. Matusi hayajawahi kumzamisha mtu. Hiyo sawa yako ndiyo iliyoniacha nimelala."

Simu alilia bila kujificha. Bibi alimwacha alie. Baadaye akatoa mkono wake chini ya koti, mkono uliokuwa bado wa baridi, akamshika kifundo cha mkono na hakumwachia, mpaka gari la hospitali lilipofika na wakapanda wote wawili.